Dawa Uliyoimwaga Siyo Ile Iliyotangazwa

Mdogo wangu, sogea hapa karibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, mpaka ugali ukashika sufuria. Unaniambia mwanao ana sikoseli, ametimiza miaka 7, na kwa miaka miwili amekuwa akimeza haidroksiyurea aliyoandikiwa kliniki. Alikuwa anakwenda shule kama wenzake. Kisha ikaingia ile sauti kwenye kundi la kina mama la WhatsApp, sauti ya mwanamke anayelia, kwamba dawa ya sikoseli imeua watoto na kampuni yenyewe imeiondoa duniani kote. Usiku uleule ukachukua kopo, ukalimwaga chooni. Sasa ni wiki ya sita. Mtoto ameanza tena kuamka saa nane za usiku akishika magoti, na kliniki unaogopa kwenda kwa sababu watakuuliza dawa ziko wapi.

Pole. Nakupa pole kwanza, kugombezana kutafuata. Mama akisikia "imeua", mkono hutangulia, akili hufuata nyuma. Wala hauko peke yako, maana barua za namna hii nimepokea zaidi ya moja, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mjinga pekee nchini. Hakuna mjinga hapa. Kuna watu wanaowapenda watoto wao na habari iliyofika nusu.

Lakini nusu iliyobaki ndiyo yenye kesi. Dawa uliyoimwaga siyo ile iliyotangazwa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hapa lipo kweli. Iko dawa inayoitwa vokseloto, madukani ikijulikana kwa jina la Oxbryta. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu Novemba 2019 kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, na Desemba 2021 ikaruhusu wapewe hata watoto wa miaka 4. Tarehe 25 Septemba 2024 kampuni ya Pfizer, ambayo ilikuwa imeinunua kampuni iliyoivumbua, ilitangaza kuiondoa katika kila nchi ilikokuwa inauzwa. Ilisema faida zake hazizidi tena hatari zake, kwa sababu ya tofauti iliyoonekana katika maumivu makali na katika vifo. Habari ndiyo hiyo, na haidroksiyurea haimo. Umesikia nyumba ya mtaa wa pili inaungua, ukakimbia kubomoa ya kwako.

Sasa, mwishoni mwa barua umeniuliza swali ambalo limenifanya nikae chini niandike kirefu. Unasema kabla ya sauti ile, nesi alikuwa amekuomba umwandikishe mtoto kwenye utafiti wa kumfuatilia kwa miaka kadhaa, waone dawa inakaaje mwilini kadiri anavyokua. Ukajiuliza: kama dawa wanaijua, wanafuatilia nini? Na kama hawaijui, kwa nini wanampa mwanangu? Uliposikia habari ya vifo ukaona jibu umelipata.

Swali ni zuri. Mtu aliyeolewa anaweza kulielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Mchumba unamjua kwa miezi ya uchumba. Anakuja amenyoa, ameleta zawadi, anacheka na mama yako. Mume unamjua baada ya miaka, baada ya njaa, baada ya mtoto kuugua, baada ya pesa kuingia na pesa kukosekana. Hakukudanganya wakati wa uchumba. Mengine yalikuwa bado hayajapata nafasi ya kuonekana. Dawa nayo ina uchumba wake na ina ndoa yake. Majaribio ya mwanzo ni uchumba. Kule kufuatilia miaka na miaka, ndiko kuishi naye.

Tazama ile Oxbryta wakati wa uchumba. Katika sikoseli, chembe nyekundu ya damu ikipungukiwa hewa ya oksijeni hujikunja kama mundu, ikakwama njiani, na hapo ndipo mtoto anapolia mifupa. Chembe hizo pia hufa mapema, damu ikapungua. Dawa ile ilikuwa inaifanya chembe iishikilie oksijeni, isiiachie upesi, ili isijikunje. Wakaijaribu kwa watu 274 wa miaka 12 hadi 65. Baada ya wiki 24, waliopewa kipimo kikubwa cha dawa, 51 katika kila 100 wingi wao wa damu ulikuwa umepanda kwa zaidi ya gramu moja. Kwa waliopewa kidonge kitupu, walikuwa 7 tu katika kila 100. Nani asingefurahi? Karatasi ya maabara ilipendeza. Lakini ukiuliza maumivu yamepungua kiasi gani, jibu halikuwa la kushangilia hivyo. Tofauti haikuwa ya kutosha kusema dawa ndiyo imeyapunguza.

Hapo ndipo nataka ukae nafsini mwako uwaze. Namba ilipanda, na mtoto hakupona zaidi. Sisi kina mama tunaipenda mno ile namba ya wingi wa damu. Tunatoka nayo kliniki tukiitangaza mpaka kwa muuza nyanya, "ana nane! ana nane na nusu!" Namba ni ishara, na ishara si jambo lenyewe. Marekani waliiruhusu dawa kwa njia ya haraka, kwa kuamini kwamba namba iliyopanda italeta afya, kwa sharti kwamba kampuni iendelee kuchunguza na kuthibitisha. Sharti hilo, mdogo wangu, ndilo lililokuja kuwaokoa watu.

Na kwa nini haraka? Huko kwao sikoseli huhesabiwa miongoni mwa maradhi adimu. Sheria yao inaita adimu ugonjwa wenye watu chini ya 200,000 nchini humo, na wenye sikoseli wanakadiriwa kuwa 100,000 hivi. Kwetu Tanzania pekee watoto wanaozaliwa nao kila mwaka wanakadiriwa kufikia 11,000, kwa hiyo neno adimu unaweza kulirudisha kabatini. Lakini jambo moja linabaki kweli kwa maradhi ya namna hii: watu wa kujaribia dawa ni wachache, nao wamechoka kusubiri. Ukijaribu dawa kwa watu 274, na madhara yake humpata mtu mmoja katika 1,000, unaweza kumaliza jaribio lote usimwone. Hajafichwa na mtu. Hakuwemo chumbani. Ataonekana watakapoimeza wengi zaidi, au watakapoimeza kwa miaka zaidi, au watakapoimeza watu wa mahali pengine wenye malaria na vyakula vingine. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Kwenye dawa usiende na methali hiyo. Subiri jioni.

Jioni ya Oxbryta ilikuja hivi. Kulikuwa na utafiti wa watoto 236, wa kuanzia miaka 2 hadi chini ya 15, ambao mishipa ya kichwani ilionyesha kwamba wako hatarini kupata kiharusi. Walitoka Misri, Ghana, Kenya, Nigeria, Oman, Saudia, Uingereza na Marekani. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kitupu, na mama hakujua wa kwake yuko upande gani. Upande wa dawa wakafa 8. Upande wa kidonge kitupu wakafa 2. Katika utafiti mwingine, wa watu 88 wenye vidonda vya miguu visivyopona, huko Brazil, Kenya na Nigeria, vilihesabiwa vifo 8. Halafu wale waliokuwa wakiimeza kwa maisha ya kawaida, ambao kumbukumbu zao ziliwekwa kwenye rejista, ikaonekana walipata maumivu makali mara nyingi zaidi wakiwa kwenye dawa kuliko kabla ya kuianza.

Nikifika hapo huwa nanyamaza. Watoto wale walikuwa na mama zao. Kuna mama Kenya aliyeamka alfajiri akapanda matatu na mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi, akajibu maswali yaleyale ya kila mara: alipata homa? alilia? alilala hospitali? Labda alichoka nayo. Lakini majibu yake yaliwekwa pamoja na ya wenzake wa Ghana na Oman, na ulipofika wakati wa kuhesabu, hesabu ikasema acheni. Sauti ile ya WhatsApp haikukueleza kwamba habari yenyewe ilipatikana kwa njia ya ufuatiliaji uleule unaouogopa. Pasipo majibu ya mama yule, dawa ingekuwa bado dukani, na kila mtoto aliyekufa angesemwa amekufa kwa sikoseli yake.

Sasa nikwambie habari za hiyo uliyoimwaga.

Haidroksiyurea ni mzee wa siku nyingi. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu wazima 299 wa Marekani na Kanada, na maumivu makali yalikuwa yamepungua karibu nusu, kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Mwaka 1998 ikaruhusiwa rasmi. Lakini hawakuwaaga watu wale wakaenda zao. Waliendelea kuwafuatilia mpaka miaka 17 na nusu, wakiuliza nani amepata saratani, nani kafa, nani yu hai na kwa nini. Vifo vilionekana kuwa vichache zaidi kwa waliokaa na dawa muda mrefu. Hiyo ndiyo ndoa ninayoisema.

Hata hivyo madaktari wa Afrika hawakukubali kwa pupa, na hapo nawavulia kilemba. Walisema: huko kwenu hakuna malaria. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, askari wa mwili. Je, tukimpa mtoto wa Mbale au wa Kilifi, si tutakuwa tumemvua ngao mbele ya mbu? Hofu ile ilikuwa ya haki, na kwa miaka mingi iliwanyima watoto wetu dawa. Jibu halikupatikana kwa kubishana, lilipatikana kwa kupima. Kule Mulago, Kampala, watoto wadogo 200 na kidogo waligawanywa, wengine dawa, wengine kidonge kitupu, wakahesabiwa malaria. Malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 walianza dawa, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2018. Kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mzima, matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98 hadi 45. Malaria ikashuka kutoka 47 hadi 23. Kuongezewa damu, kutoka 43 hadi 14. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1.

Soma tena ile ya malaria. Kitu walichokiogopa kiliwaendea kinyume kwa heri. Na waliotuletea jibu hilo ni watoto wanaoongea Kiswahili, Kigiryama, Kilingala na Kigisu. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wakubwa; wewe umeutupa mbachao kwa sababu msala wa mpita njia umeungua.

Sikuelezi kwamba ni dawa isiyo na maudhi. Anayekuambia dawa yake haina maudhi kabisa, huyo mkimbie, hata kama amevaa koti jeupe. Haidroksiyurea ikizidi hushusha chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu, ndiyo maana wanampima damu kila baada ya muda, mwanzoni karibu kila mwezi. Siyo kwamba wanauza damu. Kinachotolewa ni kijiko cha chai. Wanachungulia kama dozi imekuwa nzito, na ikiwa nzito wanaisimamisha kwa muda mpaka chembe zipande. Mwanamke mwenye mimba asiimeze bila daktari wake kujua, wala asifungue zile kapsuli kwa mikono mitupu kumkorogea mtoto. Kama una mimba au unatafuta, mpe mtu mwingine kazi hiyo, au uvae glavu. Kijana wa kiume mwenye kuoa karibuni aulize kuhusu mbegu zake, maana zinaweza kupungua akiwa kwenye dawa. Aulize waziwazi, bila kuinamisha kichwa.

Halafu kuna kucha. Ngoja nikusimulie ya kwetu.

Kitinda mimba wetu ana sikoseli. Alipokuwa mdogo tuliambiwa ni baridi yabisi, tukaambiwa amerogwa, tukaambiwa mama alimwogesha usiku. Alipofika ukubwani ndipo alipoanzishiwa haidroksiyurea. Baada ya miezi kadhaa kucha zake zikaanza kuwa na mistari myeusi, kutoka kwenye nyama kwenda nje, kama mtu aliyechora kwa kalamu ya risasi. Mama akaona mwanawe anaoza akiwa hai. Dawa ikasimama kimyakimya. Kliniki tulikwenda kama kawaida, tukiulizwa "anameza?" tunaitikia "anameza." Mwezi wa kwanza, wa pili. Daktari akatazama damu, akashangaa mbona dawa haionyeshi kazi yake, akapandisha dozi. Nakuomba uione hatari tuliyokuwa tumeifuma kwa mikono yetu: siku ambayo mdogo wetu yule angeamua kumeza kama ilivyoandikwa, angemeza dozi iliyopandishwa kwa uongo wetu.

Aliyetukamata ni nesi mmoja mtu mzima. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Lete mkono, mwanangu," akamsogeza dirishani penye mwanga, akazitazama kucha moja moja, dole gumba mpaka kidole cha mwisho, kisha mkono wa pili. Akauliza, "Mliogopa hizi?" Mama akaanza kulia. Nesi akafungua fomu akaandika: kucha kumi za mikono, mistari myeusi. Akauliza imeanza mwezi gani, akaandika. Tulisimamisha dawa lini? Akaandika. Akatueleza kwamba ngozi na kucha kuwa nyeusi ni jambo linalojulikana kwenye dawa hii, halimdhuru mtu, na kwamba walilijua kwa sababu kuna watu huko nyuma walionyesha mikono yao badala ya kuificha. Tukarudi nyumbani na daftari la shule la kurasa 48. Mama akalitoboa kona, akalipitisha uzi, akalitundika kwenye msumari karibu na rafu ya masufuria. Kila siku mstari mmoja: amemeza au hajameza, ameumwa wapi, amekunywa nini kingine. Madaftari sasa ni mengi. Yananuka moshi na vitunguu.

Nakwambia haya kwa sababu najua unachokificha, hata kama hukukiandika. Una chupa ya mizizi. Au kuna juisi ya rosela mnayomnywesha kuongeza damu, au unga wa mlonge, au maji aliyoyaleta shangazi wa mumeo na huwezi kuyakataa bila vita. Sikutukani. Nyumba gani haina shangazi? Lakini yaandike, na uyataje. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mizizi humpotosha daktari. Mtoto akigeuka manjano machoni, watajuaje ni ugonjwa wenyewe, ni haidroksiyurea, au ni chupa ya shangazi? Watasimamisha dawa iliyokuwa inamfaa na kuacha ile inayomuumiza, na wote mtakuwa mmekaa mnatazamana.

Ndani ya utafiti uongo wako hauishii kwako. Ukisema alimeza na hakumeza, namba hiyo inaingia kwenye hesabu ya watoto ambao hutawaona maishani. Dawa mbaya inaonekana nzuri, au nzuri inaonekana haina kazi. Kwa hiyo ukikosa siku tatu kwa sababu ulisafiri msibani ukasahau kopo, sema siku tatu, msibani, nilisahau. Hakuna nesi mwenye akili atakayekufokea. Na akikufokea, omba kuonana na mwingine.

Kuhusu kumwandikisha, sitakuamulia. Uamuzi ni wako na wa baba yake, na fomu ya ridhaa isisainiwe ukiwa umesimama mlangoni na mtoto analia. Omba uende nayo nyumbani. Msomewe kwa Kiswahili mnachokielewa. Uliza dawa ni ipi hasa, kwa jina, na uliandike jina hilo. Usiridhike na "dawa ya sikoseli", umeona yenyewe ilikokufikisha. Uliza kama kuna kidonge kitupu. Uliza mwanao akiumia kwa sababu ya utafiti nani atamtibu na kwa gharama ya nani, utafiti ukiisha ataendelea kupata dawa au itakatika, nauli inarudishwa vipi, na kamati gani huru inazitazama zile hesabu njiani, maana lazima iwepo, ya watu wasiolipwa kwa dawa kufanikiwa. Mtu akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu. Na ukishaingia, una haki ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Ila utoke kwa kuaga. Anayepotea kimya, hawajui kama amepona, amehama, au amekufa, na pengine jibu walilokuwa wakilitafuta lilikuwa kwake.

Usidhani ufuatiliaji huu ni kwa sababu sisi ni maskini tunaojaribiwa. Hilo neno nalisikia sana na naelewa linakotoka. Kuna mambo yalifanywa zamani yasiyosameheka. Lakini angalia tajiri mwenyewe. Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba mbili za jeni kwa sikoseli, Casgevy na Lyfgenia, zinazogharimu zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Watu wanaziita uponyaji. Na bado waliotibiwa katika majaribio yake wanapaswa kufuatiliwa miaka 15. Lyfgenia imebandikwa onyo kali la saratani ya damu tangu siku ya kwanza. Mtoto wa tajiri wa Chicago naye atashika kalenda mkononi akihesabu miadi, mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Baba yake, unaniambia, hajui kama dawa zimemwagwa. Mwambie leo, kabla ya kulala. Usianze na WhatsApp, anza na magoti ya mtoto. Najua nyumba nyingi ambapo sikoseli imekuwa rungu la kumpigia mke, "ugonjwa umetoka kwenu", ilhali mtoto haipati mpaka arithi kwa baba na kwa mama, kila mmoja sehemu yake. Hamna wa kumlaumu hapo, na hata uoga wako wa usiku ule haukuwa wa mmoja. Na yeye aliisikia sauti ile, nina hakika, akanyamaza.

Kesho asubuhi mapema nenda kliniki. Usinunue kopo jingine duka la dawa ukamrudishia dozi ya zamani kwa kukisia. Wiki sita zimepita, uzito wake umebadilika, wampime damu kwanza ndipo waseme aanze na kiasi gani. Usiku huu akipata homa, akishindwa kupumua, akipooza mkono au maumivu yakizidi dawa ya kawaida, usisubiri kesho, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mpe maji mengi, mfunike asipate baridi. Chukua daftari la shule, ukurasa wa kwanza uandike tarehe uliyomwaga dawa na kwa nini, tarehe alipoanza kuamka usiku, na vyote alivyokunywa tangu hapo, mizizi ikiwemo. Nesi akikuuliza dawa ziko wapi, usijibu kwa mdomo kama mdomo utatetemeka. Mpe daftari alisome mwenyewe.

Kopo tupu usilitupe. Lina jina la dawa ubavuni. Lipige picha, uitume kwenye lile kundi la kina mama, uwaambie hii siyo ile.